Simba wa Baba na Simba wa Binti

Tangu The Lion King iliporudiwa mwaka 2019, nyumba nyingi zina simba wawili wanaogombewa: wa mzazi, aliyetoka 1994, na wa mtoto. Haya ni maswali ya wazazi wa Garissa na kaunti jirani, pamoja na majibu yangu.

Binti yangu wa miaka kumi anasema filamu niliyoitazama utotoni ni katuni tu, na kwamba ile mpya ndiyo yenye wanyama wa kweli. Nimjibuje?

Mwambie kwanza kwamba wanyama wa filamu mpya nao hawajapata kupigwa picha popote. Ya 1994 ilichorwa kwa mkono. Ya 2019 ilitengenezwa ndani ya kompyuta, na mwongozaji wake, Jon Favreau, amesema ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera, ile ya mapambazuko inayofungua filamu. Zote mbili ni kazi ya wachoraji, ila waliamua mambo tofauti. Wale wa kwanza waliwapa simba nyusi za binadamu, wakaweza kukunja uso, kucheka na kutahayari. Wale wa pili walimfuata simba alivyo porini, na simba wa porini hana uso wa kuonyesha majuto.

Chukueni tukio la kifo cha Mufasa, baba yake Simba, mlitazame katika filamu zote mbili, moja baada ya nyingine. Sauti ya Mufasa ni ya mtu yuleyule, James Earl Jones, hivyo mtabaki kulinganisha nyuso. Kwangu mimi hapo ya zamani inashinda kwa mbali: hofu ya Simba mdogo inasomeka machoni kabla hajatamka neno.

Lakini binti naye ana hoja, usiipuuze. Katika filamu ya zamani, nyani Rafiki anatambua kwamba Simba yu hai kwa vumbi lililoletwa na upepo. Katika mpya ni kishungi cha manyoya ya Simba kinachosafiri: twiga anakila, kinatoka na kinyesi, mdudu anakiviringisha pamoja na mavi, sisimizi wanakibeba hadi mtini kwa Rafiki. Mtoto aliyekulia karibu na zizi anaielewa safari hiyo kuliko mtoto wa ghorofani, na ni tukio ambalo filamu ya baba yake haina. Mwache akueleze yeye.

Mwanangu wa miaka sita aliitazama ya zamani bila shida. Ile mpya ilimliza, usiku akakataa kulala peke yake. Je, ana tatizo?

Hana. Hadithi ni ileile, lakini hata waainishaji wa Marekani waliziweka katika madaraja tofauti: ya 1994 inafaa watu wote, ya 2019 ina tahadhari kwa mzazi. Fisi aliyechorwa anachekesha hata akikenua meno. Anayefanana na yule anayelia nyuma ya boma hachekeshi. Tena ile mpya inakaribia saa mbili, wakati ya zamani haifiki saa moja na nusu. Kwa umri huo, anza na ya zamani. Ile mpya mtazame mchana, ukiwa naye ubavuni.

Sisi ni wafugaji. Fisi kwetu ni mwizi wa mbuzi, lakini mtoto ananiuliza mbona katika filamu fisi wote ni wabaya. Nimwambie nini?

Swali hili lingenifurahisha kama ningekuwa mwalimu wake. Fisi madoa huongozwa na jike, na chakula chake kingi hukiwinda mwenyewe. Filamu zote mbili zina kiongozi jike, Shenzi, lakini zinamtumia kwa njia mbili. Mwaka 1994 yeye na wenzake ni wachekeshaji, kisha ghafla wanapiga gwaride mbele ya Scar, simba mwovu anayenyakua ufalme, kama askari wa Wanazi. Mwaka 2019 gwaride limeondolewa. Shenzi, kwa sauti ya Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, ni mkuu wa jeshi mwenye kinyongo cha muda mrefu na simba. Muulize mtoto ni Shenzi yupi anayetisha zaidi, na kwa nini.

Kisha mwiteni babu asimulie ile hadithi ya Wasomali ya simba, fisi na mbweha wakigawana nyama. Fisi anapendekeza nusu iwe ya simba na nusu ya waliobaki. Kwa pendekezo hilo anapigwa kofi hadi jicho linamtoka. Mbweha anampa simba nyama yote, na akiulizwa nani aliyemfunza kugawa vizuri hivyo, anasema ni jicho la fisi. Huko mfalme halali ndiye dhalimu. Hakuna filamu hata moja kati ya hizo mbili iliyothubutu kufika hapo, na natamani mtu wa kwetu aitengeneze.

Ayeeyo wao, yaani bibi, hajui Kiingereza. Tumwache nje?

Hasha. Mtoto amtafsirie kwa Kisomali papo hapo, kama DJ Afro anavyosimulia filamu za kigeni. Atalazimika kuzielewa.

Ipo filamu ya familia yenye simba halisi?

Born Free ya mwaka 1966, iliyopigwa hapa Kenya. Inamhusu simba Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson baada ya George kumuua mama yake mwaka 1956, akiwa mlinzi wa wanyamapori katika mikoa hii ya kaskazini. Mwaka 1974 Wamarekani waliirudia kama mfululizo wa runinga wa vipindi 13, kwa hiyo ulinganisho unaweza kuendelea.

Anayetoka Garissa ana sababu ya ziada ya kuitazama. Kuanzia 1970 George aliishi Kora, ng'ambo ya Mto Tana, akiwarudisha simba porini, na huko ndiko majambazi walikomuua Agosti 1989. Mmoja wa simba walioigiza, Boy, alimfuata hadi Kora. Mwaka 1971 Boy alimuua msaidizi wa George, na George akampiga risasi simba huyo kwa mkono wake mwenyewe. Binti wa miaka kumi anaweza kuelezwa hayo baada ya filamu. Wa miaka sita aishie kwa Elsa.