Mapango ya Amboni na Maji Moto ya Galanos: Kabla Hujaenda

Mapango ya Amboni yako takriban kilomita nane kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa Kiomoni, karibu na barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Vaa viatu vya kufunika mguu na nguo usiyoihurumia, maana kuna vipenyo vya kupita kwa kutambaa. Chukua tochi, na usiingie bila mwongozaji.

Mwamba wake ni chokaa ya zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Maji ya mvua yakipenya udongoni hubeba hewa ya ukaa, yakawa na uchachu, yakaila chokaa polepole. Tone linaloning'inia darini huacha chembe ya chokaa kabla halijadondoka, na chembe hizo hujenga mawe marefu utakayoyaona juu ya kichwa chako. Usiyashike. Mafuta ya ngozi yakibaki juu ya jiwe, chokaa mpya haigandi tena.

Wenyeji husimulia kwamba njia za chini hutokea Mombasa, na kwamba mbwa aliyepotelea humo aliibukia Kilimanjaro. Wapimaji wa mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Katika miaka ya 1950 Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni, walijificha humu.

Lakini lililo hai mpaka leo ni mzimu. Watu huja kuomba mtoto, afya na riziki, wakaacha ubani, marashi, vitambaa na sarafu. Usiviguse, wala usimpige picha anayeomba. Umeingia mahali pa ibada ya watu, na naona hilo lilistahili kuambiwa kila mgeni mlangoni kabla ya habari za miamba.

Popo nao waache. Vumbi la kinyesi chao laweza kudhuru mapafu, kwa hiyo mwenye pumu avae barakoa, na kila mtu anawe mikono kabla ya kula.

Katika eneo hilohilo la Amboni kuna chemchemi ya Galanos, yenye jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Maji yake ni ya moto na hunuka yai viza kwa sababu ya salfa. Vua pete ya fedha, itageuka nyeusi. Pima joto kwa mkono kwanza, usiyanywe, na usioge ukiwa na kidonda kibichi. Wengi huoga kwa ajili ya ngozi na viungo, na ujoto hulegeza maungo kweli, ila dawa ulizoandikiwa hospitalini endelea nazo.