Mvua ya Aprili Huikuta Ardhi Imeshiba

Mkazi wa bonde la Rufiji anayepima hatari ya mafuriko kwa kutazama wingu lililo juu ya shamba lake huwa amepima nusu tu ya jambo. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, katika eneo linalozidi kilomita za mraba 170,000. Huko Iringa na Njombe mvua za msimu hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, ilhali masika ya pwani huanza Machi. Aprili, basi, ndipo mvua mbili hukutana. Bwawa la Julius Nyerere huyapokea kwanza maji ya juu, lakini bwawa lililokwisha kujaa halina budi kuyaachia.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1. Milimita 50 katika ekari moja ni zaidi ya lita 200,000. Mwanzoni mwa msimu, udongo mkavu hunywa sehemu ya maji hayo. Baada ya vipindi kadhaa vya mvua hushiba, na mvua ileile, isiyozidi hata tone, hutiririka juu ya ardhi. Hapo ndipo wengi hukosea: hukumbuka kwamba mwezi uliopita mvua kama hiyo haikufikisha maji kizingitini, wakalala.

Ndivyo ilivyokuwa katika msimu wa El Nino wa 2023 na 2024. Vuli ilikuwa nzito, na masika yakaikuta ardhi ingali imelowa. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yalifunikwa na maji.

Kwa hiyo angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa lisisomwe peke yake. Lisomwe pamoja na siku zilizotangulia, kwa kuwa mvua ya kawaida juu ya ardhi iliyoshiba yaweza kuleta maji mengi kuliko mvua kubwa ya Novemba.

Wala hakuna anayewaambia wakulima walihame bonde. Mafuriko ndiyo yanayoacha rutuba ya kilimo cha mlau, na Warufiji walilijua hilo kabla ya mtaalamu yeyote. Walio hatarini zaidi ni wanaolala kwenye madungu wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe, mara nyingi pamoja na watoto. Katika Aprili yenye mvua mfululizo, watoto walale kijijini, na mtumbwi ufungwe karibu na dungu.

Alama ya rangi kwenye mti wa ukingoni, itazamwayo kwa mbali asubuhi na jioni, yatosha kuwa kipimo. Maji yakiipita ilhali anga ni jeupe, yametoka juu, na yaelekea mengine yangali njiani. Mpunga uachwe, watu waondoke mchana huohuo.