Kutia Mota ya Umeme Katika Pampu ya Mkono

Nyaya za umeme zikifika kijijini, jambo la kwanza ni taa. La pili, kwa mwenye kisima, mara nyingi ni kuutazama mpini wa pampu yake na kufikiri jinsi akina mama na watoto wanavyochoka kuusukuma asubuhi na jioni. Basi humwita fundi, na fundi huuliza yatakiwa mota ya nguvu ngapi. Swali hilo laja mapema mno. La kwanza lahusu kisima chenyewe: chaweza kutoa maji kiasi gani kwa saa moja?

Mkono wa mtu hukipima kisima bila mwenyewe kujua. Asukumaye huchoka, hupumzika, hungoja ndoo ya jirani iondolewe. Na katika muda huo maji hurudi polepole kutoka ardhini. Tena pampu inapovuta hewa, mkono huhisi kwamba mpini umekuwa mwepesi, ukaacha. Mota haihisi kitu wala haichoki. Itazidi kuvuta juu ya kisima kikavu mpaka mpira wa pistoni uishe.

Mfano mzuri ni pampu ya Afridev, iliyobuniwa na kujaribiwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980, na ambayo huonekana sana Kwale. Silinda yake ina upana wa milimita 50, na pistoni hupanda milimita 225. Kwa hiyo kila pigo huleta juu lita 0.44 hivi. Kwa mapigo 40 ya dakika moja, hizo ni lita 17 na zaidi, yaani zaidi ya lita 1,000 kwa saa. Sasa na tutazame kisima cha kuchimbwa kwa jembe, cha mviringo, chenye upana wa mita 1.2. Kila mita moja ya kina cha maji humo ina lita 1,130 hivi. Wakati wa kiangazi, wala si baada ya masika, mwenye kisima na avute maji kwa mkono mpaka yashuke sana, kisha ateremshe kamba yenye jiwe, aitie alama, na apime tena baada ya saa moja. Ikiwa maji yamepanda sentimita 20, kisima kimepokea lita 226 tu, na mota ingevuta zaidi ya mara nne ya hizo. Kisima cha namna hiyo, hata kikianza na maji ya kina cha mita 2, chaweza kukauka kabla ya saa tatu kwisha. Si kwamba hakifai mota; chafaa mota inayofanya kazi muda mfupi na kupumzika muda mrefu, na tangi la kuweka maji.

Karibu na bahari iko hatari kubwa kuliko kukauka. Chini ya mchanga na mawe ya pwani, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu hukisia kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hugeuka pia: maji yakishushwa nusu mita na kukaa hivyo muda mrefu, chumvi chini yake yaweza kupanda mita 20. Watu wa Lamu, ambao maji yao hutoka katika visima vya mchanga wa Shela, wajua thamani ya maji haya. Na chumvi ikiisha kuingia, haiondoki kwa kuzima mota siku mbili. Jirani ambaye hana mota wala umeme hunywa chumvi ile ile. Ndiyo sababu yafaa kuuliza habari za kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyowekwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kabla ya kununua hata mkanda mmoja.

Kisima kikifaulu, kazi ya mashine si ngumu. Kuinua lita 17 kwa dakika kutoka kina cha mita 30 kwataka wati 85 hivi. Mota ya wati 370, yaani nusu ya nguvu za farasi, yatosha, ingawa nguvu nyingi hupotea katika mikanda na gia. Ugumu ni mwendo. Mota ya kawaida huzunguka mara 1,450 kwa dakika, na pampu yataka mapigo 40. Puli ya milimita 75 ikivuta ya milimita 225, mwendo hupungua mara tatu. Sanduku la gia likiupunguza mara 12 tena, hesabu hutimia. Wako wanaotaka mapigo 80 ili tangi lijae upesi. Fimbo za pampu hushuka kwa uzito wao wenyewe. Zikiharakishwa, husukumwa badala ya kuanguka, zikapinda au kukatika ndani ya kisima.

Umeme wa volti 240 juu ya saruji iliyolowa, karibu na mpini wa chuma unaoshikwa na watoto, si kazi ya kujaribia. Fundi awe mwenye leseni. Pampu na mota ziunganishwe na waya wa ardhi, na pawekwe kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampia 30. Mkanda ufunikwe kwa bati, kwani kanga hunaswa upesi kuliko mwenye kanga awezavyo kupiga kelele.

Mwisho, mkono wa chuma utokao kwenye gia ufungwe katika mpini kwa pini moja inayochomoka, na spana itundikwe hapo hapo ukutani. Siku umeme ukikatika, swichi kuu huzimwa kwanza, pini huchomolewa, na pampu husukumwa kwa mikono kama zamani.