SOMO: TAA NYEKUNDU SI HATARI KILA MARA



Tumezoea kwamba rangi nyekundu ni hatari. Lakini kuna chombo ambacho taa yake nyekundu huwaka hata kama hakina ubaya wowote. Asiyejua kuzisoma taa zake hukimbilia kuchomoa waya. Basi kazi ya zahanati au shule husimama bure, na fundi huitwa kutoka mbali kwa gharama. Leo tujifunze kuzisoma.

Redio ya data ni nini?

Redio hii haisemi wala haiimbi. Kazi yake ni kupeleka na kupokea maandishi, hesabu na picha kwa mawimbi ya redio. Redio moja hufungwa kwenye mlingoti wa kijijini. Mwenzake hufungwa mahali penye intaneti. Redio hizi mbili hutazamana.

Mfano wetu ni aina iitwayo NanoStation Loco M. Ni kisanduku cheupe chenye taa ndogo sita. Zisome kwa mpangilio, kama unavyosoma maneno katika mstari.

Taa ya kwanza: PWR

Herufi hizi zina maana ya umeme. Taa ikiwaka, umeme umefika. Ikizimika, angalia kwanza kama swichi imewashwa. Halafu angalia kile kisanduku kidogo cha umeme kilichomo ndani ya nyumba. Kina matundu mawili. Tundu la POE ni la waya unaopanda kwenye redio. Tundu la LAN ni la waya unaokwenda kwenye kompyuta. Mtu aliyefagia chumba akazirudisha nyaya kinyume, redio haipati umeme. Hapo kujua kusoma herufi tatu tu kunaokoa nauli ya fundi.

Taa ya pili: LAN

Hii huonyesha waya. Ikitulia, waya umeunganishwa. Ikikonyeza, habari zinapita. Kukonyeza si ugonjwa, ni kazi.

Taa nne za mwisho: nguvu ya mawimbi

Taa hizi ni kama ngazi. Ya kwanza ni nyekundu, ya pili ni rangi ya machungwa, ya tatu na ya nne ni kijani. Mawimbi yakiongezeka, taa huwaka moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mawimbi yakiwa na nguvu nyingi, zote nne huwaka, na ile nyekundu pia. Nyekundu ni kipandio cha kwanza tu.

Ikiwaka nyekundu peke yake, mawimbi ni hafifu. Huenda upepo umegeuza mlingoti, au miti imekua ikaziba njia. Zote nne zikizimika huku PWR inawaka, redio yetu haijampata mwenzake. Huenda umeme umekatika upande wa pili. Hapo ulizeni huko kabla ya kugusa kitu.

Na kama taa zote zinawaka lakini intaneti hakuna? Basi mlingoti wenu huenda hauna kosa. Tafuteni kwenye kompyuta, au ulizeni kama malipo ya intaneti yamekwisha.

Mambo mawili ya kukataza

Kwanza, mtu asipande mlingoti wakati wa mvua au radi. Pili, karibu na mahali pa kuchomeka waya kuna kitufe kidogo kilichojificha. Asikibonyeze mtu yeyote ila fundi. Kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa hufuta mipango yote aliyoiweka fundi, na redio husahau mwenzake ni nani.

Ukimpigia fundi simu, usimwambie tu, "Imekufa." Mwambie, "PWR inawaka, LAN inakonyeza, lakini ngazi ina nyekundu peke yake." Atajua aje na vifaa gani.

MASWALI

1. Taa ya PWR imezimika. Utaangalia nini kwanza?
2. Taa zote nne za mawimbi zinawaka. Je, ile nyekundu inaonyesha hatari? Eleza.
3. Andika sentensi mbili za kumweleza fundi taa ulizoziona.