FAIDA YA KUDUMU KATIKA MAZOEZI YA VIUNGO

Nataka kueleza habari za mazoezi ya viungo kwa mtu aliyeumia ubongo. Nilipokuwa na umri wa miaka miwili, malaria ilinipanda kichwani. Homa ilipona, lakini mkono na mguu wa kuume vilibaki vimekakamaa. Hali hii huitwa mtindio wa ubongo. Wengi hudhani jina hilo maana yake ni upungufu wa akili, sivyo. Akili yaweza kuwa nzima kabisa, na viungo vikakataa kutii.

Upande wa kushoto wa ubongo ndio uamrishao upande wa kuume wa mwili. Sehemu ya ubongo ikiumia utotoni, kwa malaria kali, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa mtoto kukosa hewa azaliwapo, jeraha hilo haliendelei kukua, wala halifutiki. Daktari Mwingereza, William John Little, aliandika habari za watoto wa namna hii katika mwaka 1862, hasa waliozaliwa kwa uzazi mgumu. Yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utoto.

Msomaji aweza kuuliza: Kama jeraha halifutiki, mazoezi ni ya nini? Majibu ni mawili. Kwanza, ubongo ulioumia huiacha misuli ikiwa imekaza wakati wote. Mtoto akuapo mifupa hurefuka, bali misuli iliyokaza hubaki nyuma. Kisigino huinuka, mtu hutembea kwa vidole, na mwishowe kiungo chaweza kujikunja kisinyooke tena. Kwa hiyo miaka ya kubalehe, ambayo mwili hurefuka upesi, ina hatari zaidi. Nayo ndiyo miaka tuliyo nayo hapa shuleni. Pili, ubongo hujifunza. Sehemu nzima zaweza kushika baadhi ya kazi za sehemu iliyoharibika, lakini kwa kurudia kazi ile ile mara nyingi mno.

Mtaalamu wa viungo ndiye apangaye mazoezi, kwani hayalingani kwa watu wote. Yangu ni haya. Naukabili ukuta, mguu wa kuume nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, kisha nahesabu hadi 30. Halafu nasimama kutoka kitini na kuketi tena mara 20 bila kujishika. Mwisho nafungua na kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kuume peke yake. Kunyoosha tu hakutoshi. Yapasa misuli itiwe nguvu na mkono upewe kazi ya kweli. Maumivu makali yakitokea, mtu aache, akamwulize mtaalamu.

Kuanza ni rahisi. Kuendelea ndiko kugumu. Faida haionekani kwa juma moja, na safari ya kutoka Mlimba hadi Ifakara yataka nauli. Mzazi huona mtoto haponi, akakata tamaa. Lakini sisi wa bonde la Kilombero twajua kazi ya kuamia mpunga. Mwamiaji hafukuzi kwelea-kwelea asubuhi moja akaenda zake, kwa maana kesho watarudi. Haulizi kama ndege wamekwisha duniani. Hutazama kama mpunga ungaliko shambani. Misuli iliyokaza ni vivyo hivyo.

Mimi nimeyafunga mazoezi yangu na kengele ya kuamka, ili nisingoje kupata hamu. Nayaandika katika daftari, na rafiki yangu wa bwenini hunihesabia. Mtihani wa kidato cha nne unakaribia, na wenzangu wengine wamenishauri niyaache mpaka upite. Sikukubali. Mkono huu wa kuume ndio ushikao rula nichorapo jometri kwa mkono wa kushoto, na mguu huu ndio unipelekao darasani.

Basi nawaomba walimu wampe mwanafunzi wa namna hii dakika zake chache kila siku. Wazazi nao wasiulize tu, "Amepona?" Waulize pia, "Leo afanya nini ambacho mwaka jana hakukiweza, na ni kipi ambacho hajakipoteza?" Hapo ndipo watakapoiona faida.