Gusa Dari Saa Tisa Alasiri

Februari ya kwanza tangu tuhamie nyumba yetu ya Kigamboni, mama alibeba mkeka wake akaenda kulala barazani. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kule ndani ukuta unamhemea. Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali ya saruji na bati, yenye pangaboi kila chumba, na usiku pangaboi lilituzungushia joto lilelile. Watu wakanishauri ninunue kiyoyozi. Nikapiga hesabu ya luku, nikaona heri kwanza nijue joto linaingilia wapi.

Kulitafuta hakuna gharama. Saa tisa alasiri panda stuli, uguse dari kwa kiganja. Saa mbili usiku zunguka ukigusa kila ukuta. Kwetu dari ilikuwa kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Usiku ule ukuta wa kusini ulikuwa umepoa, lakini wa magharibi, chumbani kwa mama, ulikuwa bado wa moto. Mama alisema kweli: tofali la inchi sita hunywa jua la alasiri, kisha hulitoa upande wa ndani saa kadhaa baadaye, wakati watu wanapanda vitandani.

Anza na paa. Huku kwetu, karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima, na bati ndilo linalolipokea. Wengi huamini bati linalong'aa halishiki moto. Ni kweli hurudisha mwanga mwingi, ila joto linaloliingia haliliachii upesi, na likishachakaa na kushika kutu hali huwa mbaya zaidi. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili, hurudisha jua na kuachia joto. Nilipaka Septemba, kabla ya mvua za vuli, baada ya kusugua kutu yote. Vumbi likijaa, lioshe, maana weupe ndio dawa yenyewe.

Kisha nikapanda darini. Nikakuta fundi aliziba kwa saruji upenyo wote kati ya kuta na bati ili popo wasiingie, na hewa ya moto imefungiwa pale juu ya vichwa vyetu. Tulitoboa matundu kwenye kuta za pembetatu, pande mbili za paa, tukaweka wavu wa chuma kwa ajili ya popo na wavu laini kwa ajili ya mbu. Tafadhali usiruke huo wavu laini. Mbu wa malaria hupenda kuingilia juu ya ukuta.

Ukuta wa magharibi ulinisumbua zaidi. Kaskazini na kusini upenu wa paa unatosha: wa sentimita 90 huangusha kivuli cha zaidi ya mita 1.5 ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, wakati jua limeelemea huko kuliko siku zote. Lakini jua la saa kumi na moja jioni hupita chini ya upenu wowote. Hapo panahitaji kivuli kilichosimama. Nilijenga kichanja cha mianzi, nusu mita kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake, nikapandisha mpasheni wa matunda ya manjano, unaostahimili joto la pwani. Miezi ambayo ulikuwa bado mdogo nilitundika makuti.

Upepo niliuacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa upepo uliopita juu ya ukuta wa moto hauburudishi mtu. Kaskazi hutujia toka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi toka kusini-mashariki. Dirisha la mama la kaskazini lilikuwa wazi, na bado chumba kilijaa joto. Nikawasha udi. Moshi ukapanda, ukasimama palepale. Upepo ulikuwa na pa kuingilia, hauna pa kutokea. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zililijua hilo zamani: korido moja katikati, kutoka mlango wa barazani hadi uani. Sisi tulibomoa kipande cha ukuta juu ya mlango wa chumba, tukapachika matofali yenye matundu, na dirisha la kusukuma, linalofunguka nusu tu, tukaliondoa tukaweka la mabawa mawili. Usiku huo moshi wa udi ulikwenda moja kwa moja kule juu ya mlango. Mama alikaa kitandani akiutazama, akaniomba nimletee mkeka wake.

Jambo moja usihangaike nalo ukiwa pwani: kutundika mapazia yaliyoloweshwa. Kwenye hewa kavu ya Dodoma yanasaidia. Kwetu hewa imeshajaa maji, utaongeza fukuto tu.

Sasa nimebakiwa na jiko. Nalo liko magharibi, na mpasheni haujalifikia. Kwa sasa mama anapika asubuhi.