Mwamba Ulio Chini ya Barafu



Leo fungua Luka 6:46-49, ile habari ya watu wawili waliojenga nyumba. Mathayo anayo pia, na wengi tunaijua tangu Utoto Mtakatifu. Ila Luka ana jambo moja tunalolipita haraka: yule wa kwanza alichimba, akaenda chini kabisa, ndipo akaupata mwamba. Haukuwa juu juu tu ukimsubiri.

Nimeikumbuka habari hiyo nikisoma kuhusu watu wanaopima mwamba wa Antaktika. Bara lile limefunikwa na barafu yenye unene wa wastani wa karibu kilomita 2, na mahali pengine inapita kilomita 4. Juu unaona weupe tu, tambarare. Kumbe chini kuna milima na makorongo. Ndege inapita juu yake ikituma mawimbi ya redio. Barafu inayapitisha, mwamba unayarudisha, na muda wa kwenda na kurudi ndio unaoonyesha unene. Ramani iliyotolewa mwaka 2019 na timu ya Mathieu Morlighem ilionyesha korongo chini ya mto wa barafu wa Denman, linaloshuka karibu mita 3,500 chini ya usawa wa bahari.

Sasa utauliza: kama wanatafuta barafu inayopotea, mwamba wa nini? Hapa ndipo penyewe. Tangu 2002 satelaiti za GRACE zilipima barafu kutoka angani kwa kuhisi nguvu ya uvutano. Lakini barafu ikipungua, mwamba uliokuwa umelemewa unainuka, na mawe ya moto ya chini kabisa yanasogea polepole kujaza nafasi. Satelaiti haiwezi kutofautisha uzito wa barafu na uzito wa mawe. Usipojua mwamba unafanya nini, utadhani kimepotea kidogo kuliko kilichopotea kweli. Kwa hiyo wakaweka vipokezi vya GPS kwenye miamba inayochomoza. Karibu na Bahari ya Amundsen wakakuta mwamba unapanda hadi milimita 41 kwa mwaka.

Niliposoma hapo nilinyamaza kidogo. Kuna kipindi nilikuwa kwaya kila Jumapili, jumuiya sikosi, sare imenyooka, na kitubio sijafika mwaka na nusu. Kilichokuwa kinapungua ndani kilijazwa na ratiba na sifa za watu. Uzito ulikuwepo! Ungenipima kwa juu ungesema kijana yuko vizuri, na mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo.

(Sisemi barafu ni neema, jamani. Mfano una mipaka yake.)

Halafu kuna Thwaites, upande wa magharibi wa Antaktika. Sakafu yake iko chini ya bahari, na inazidi kushuka kadiri unavyoingia bara. Ukingo wa barafu ukirudi nyuma unakutana na kina kikubwa zaidi, barafu inakuwa nene zaidi, inamwagika baharini kwa kasi zaidi. Ukiangalia juu huwezi kujua kuwa mteremko uko hivyo. Aliyeanza kubeti kwa mia tano anaelewa ninachosema.

Na tusiishie kwenye roho tu, kwa sababu maji ni maji kweli. Thwaites peke yake ina barafu ya kuinua bahari zote za dunia kama sentimita 65. Tena barafu kubwa huivuta bahari kuelekea kwake. Ikiisha, maji ya jirani yanashuka na ya mbali yanapanda zaidi ya wastani, pwani zetu za Bahari ya Hindi zikiwemo. Papa Fransisko aliitaja barafu ya ncha za dunia katika Laudato Si' ya 2015, na papo hapo akawataja maskini, wanaoumia kwanza. Wavuvi wetu hawana ghorofa ya pili ya kukimbilia.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda kitubio, soma Zaburi 139 taratibu, simu ikiwa chumba kingine. Usianze na orodha ya makosa unayoyajua. Kaa kimya, mwache Mungu ashuke hadi chini, halafu andika kitu kimoja ambacho hakuna mtu wa jumuiya angekidhania. Nenda nacho hicho.